Rubani anapopima mkataba wa mshahara, familia nayo isome

Chukua mfano wa nyumba moja mtaani Syokimau, si mbali na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi. Ni saa tatu asubuhi. Baba Neema, rubani msaidizi, ametua alfajiri baada ya kuwa angani usiku kucha, na sasa amelala. Mama Neema ametundika blanketi dirishani kuzuia jua. Redio imezimwa. Neema, mwenye umri wa miaka sita, ametumwa kwa jirani akacheze huko, na vyombo vinaoshwa polepole visigongane.

Juu ya meza ya chakula kuna karatasi zilizobanwa pamoja. Ni rasimu ya mkataba mpya kati ya shirika la ndege na chama cha marubani. Wanachama wataitwa kuijadili na kuamua: waikubali, au wawarudishe viongozi wao kwenye mazungumzo.

Saa saba mchana Baba Neema anaamka, macho bado mekundu. Mkewe anamwekea chakula.

"Baba Neema, wameongeza ngapi?"

"Si haba. Ukurasa wa kwanza unaridhisha."

"Na siku za kupumzika je? Na ile akiba ya uzeeni?"

Baba Neema anakuna kichwa. "Huko sijafika, Mama Neema."

Familia hii ni ya mfano tu, lakini swali la mama ni la kweli, na linafaa kuulizwa katika kila nyumba yenye rubani. Mkataba wa mshahara wa rubani una ukurasa mmoja wa pesa na kurasa nyingi za maisha. Ndani yake mna saa za kulala, siku za kuwa na watoto, siku za ugonjwa na akiba ya siku ambayo daktari atasema rubani huyu asiruke tena. Anayesoma nyongeza ya mshahara peke yake amesoma nusu ya mambo, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoingia chumbani.

Kilichotokea Novemba 2022

Wakenya wengi waliufahamu uzito wa mikataba hii mwaka wa 2022. Jumamosi, Novemba 5, marubani wa Kenya Airways walio wanachama wa chama chao, KALPA, walianza mgomo. Maelfu ya abiria walikwama.

Kuna waliodhani marubani, watu wanaojulikana kwa mishahara minono, walikuwa wakidai nyongeza. Lakini madai yao makuu yalihusu pesa ambazo hazionekani mwisho wa mwezi. Walitaka shirika lirejeshe michango yake katika hazina ya akiba ya uzeeni, na lilipe mishahara iliyokuwa imezuiliwa wakati wa janga la korona. Michango hiyo ilisimamishwa mwaka wa 2020, mwaka ule ule ambao Kenya Airways ilisitisha safari zake za kimataifa za abiria kuanzia Machi 25.

Shirika nalo lilikuwa na hoja zake. Lilisema mgomo ulikuwa haramu kwa kuwa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuusimamisha. Lilikadiria kwamba mgomo ungelitia hasara ya hadi shilingi milioni 300 kwa siku. Tena halikuwa shirika lenye pesa za kuchezea: lilikuwa limepata hasara mwaka baada ya mwaka na kutegemea msaada wa serikali. Halikupata tena faida ya mwaka mzima hadi mwaka wa 2024, lilipotangaza shilingi bilioni 5.4, ikiwa ya kwanza kwa zaidi ya miaka 10.

Mgomo ulipoendelea, shirika lilitangaza kwamba linajiondoa katika makubaliano yake na chama hicho. Hapo mgogoro uliacha kuwa wa pesa pekee. Swali likawa: ni nani ana haki ya kuzungumza kwa niaba ya rubani?

Jumanne, Novemba 8, Jaji Anna Mwaure wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba aliagiza marubani warudi kazini saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyofuata, bila masharti. Aliliagiza pia shirika liwaache wafanye kazi bila kuwasumbua wala kuwachukulia hatua za kinidhamu. Ndege zikaanza kuruka tena.

Familia nyingi za wafanyakazi, wawe marubani au la, zinaweza kujifunza jambo moja hapo. Fungu la akiba ya uzeeni lilikuwa mkatabani kwa miaka bila kujadiliwa mezani pa chakula. Umuhimu wake ulionekana siku pesa zilipoacha kuingia.

Chama kinapewaje haki ya kuzungumza?

Nchini Kenya, Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na haki ya kugoma. Kifungu hicho hicho kinavipa vyama, waajiri na mashirika ya waajiri haki ya kujadiliana kwa pamoja.

Utaratibu wenyewe umewekwa na Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga nacho, mwajiri anatakiwa kukitambua. Wakishakubaliana kuhusu mshahara na masharti ya kazi, mkataba huo huandikwa na kusajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Ukishasajiliwa, masharti yake huwa sehemu ya mkataba wa kazi wa kila mfanyakazi anayehusika, hata yule ambaye hakuhudhuria mkutano hata mmoja. Wasio wanachama wanaonufaika nao wanaweza kukatwa ada, kwa sababu wamekula matunda ya mti waliopanda wenzao.

Mgomo nao una masharti. Ni lazima mgogoro uwe umepitia usuluhishi kwanza, kisha notisi ya siku saba itolewe kwa maandishi. Anayegoma nje ya utaratibu huu anaweza kujikuta hana kinga ya sheria.

Nchini Tanzania, ambako wengi huuita mkataba wa hali bora za kazi, msingi unafanana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakipa chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi haki ya kuwa mzungumzaji pekee wa wafanyakazi wa kundi hilo.

Kwa maneno mengine, rubani anapolipa ada ya chama, ananunua mdomo. Anamlipa mtu wa kusema jambo ambalo akilisema peke yake litamgharimu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Usingizi umo mkatabani

Ni jambo gani hilo ambalo ni gumu kulisema peke yako? Mara nyingi ni maneno mawili: nimechoka mno.

Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, inayofuata mwanga na giza. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, saa hiyo huuambia mwili ulale. Joto la mwili hushuka, macho huwa mazito na akili hufanya kazi taratibu, hata kwa mtu aliyelala mchana. Usingizi wa mchana nao kwa kawaida huwa mfupi na mwepesi kuliko wa usiku. Blanketi la Mama Neema linazuia jua, lakini haliwezi kuibadilisha saa iliyo ndani ya mwili wa mumewe.

Mwaka wa 1997 watafiti wa Australia walipima utendaji wa watu waliokaa macho muda mrefu, wakaulinganisha na ule wa watu waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 bila kulala, wepesi wao ulikuwa umeshuka hadi kiwango cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Katika nchi nyingi, dereva akipatikana na kiwango hicho au zaidi hukamatwa.

Sasa fikiria safari ya Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018. Kwenda huchukua takriban saa 15 angani, na marubani wanne hupokezana ili wengine wapate kujinyoosha. Tofauti ya saa kati ya miji hiyo ni saba au nane, kulingana na majira. Wataalamu wa usingizi hukadiria kwamba mwili huhitaji takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti. Rubani hukaa siku chache tu na kurudi, kwa hiyo mwili haujazoea kule na umeanza kupotea huku.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linazitaka nchi wanachama ziweke kanuni za kudhibiti uchovu wa marubani. Kwa mfano, Marekani inataka rubani wa ndege za abiria apate mapumziko ya angalau saa 10 mfululizo kabla ya zamu, yatakayompa nafasi ya kulala saa nane bila kukatizwa.

Lakini kanuni ni kiwango cha chini kabisa. Haielezi rubani apate wikendi ngapi kwa mwezi, ratiba yake itolewe siku ngapi mapema, zamu ya kusubiri kuitwa ihesabiwe vipi, au anayesema amechoka mno asiruke aandikiwe nini kwenye faili lake. Mambo hayo mengi huamuliwa mkatabani, na ndiyo huamua kama baba au mama atakuwepo siku ya wazazi shuleni.

Pesa kidogo, usingizi kidogo

Kuna wanaosema mshahara ni mshahara na usalama ni usalama, visichanganywe. Ajali moja ya Marekani iliwafanya wengi wafikiri upya.

Februari 12, 2009, ndege ya shirika dogo la Colgan Air iliyokuwa ikitoka Newark ilianguka karibu na mji wa Buffalo. Watu wote 49 waliokuwa ndani walifariki, pamoja na mmoja aliyekuwa ardhini. Wachunguzi walieleza kwamba ndege ilianza kupoteza mwendo na kapteni akachukua hatua isiyofaa. Walieleza pia kwamba huenda marubani wote wawili walikuwa wamechoka, ingawa haikuwezekana kupima uchovu huo ulichangia kiasi gani.

Rubani msaidizi alikuwa akiishi na wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi. Usiku uliotangulia alisafiri kama abiria akivuka Marekani nzima ili afike kwenye kituo chake cha kazi. Katika vikao vya uchunguzi, mishahara midogo ya marubani wa mashirika kama hilo ilizungumzwa sana, kwa sababu inaamua mtu ataweza kupanga nyumba wapi na atalala wapi kabla ya zamu. Familia za waliofariki zilipigania mabadiliko, na kanuni mpya za mapumziko zikaanza kutumika Januari 2014.

Kwa hiyo fungu la mshahara na fungu la usingizi yanategemeana. Posho ya nyumba, usafiri wa kwenda uwanjani usiku wa manane na hoteli ya kulala katikati ya safari, vyote vinahesabiwa kwa pesa, lakini kazi yake ni kumpa rubani usingizi.

Waliokataa na waliokubali

Wiki ile ile marubani wa Kenya walipokuwa wakijiandaa kugoma, marubani wa shirika la United nchini Marekani walikuwa wamemaliza kupiga kura kuhusu mkataba wao. Viongozi wa chama walikuwa wamefikia makubaliano ya awali yenye nyongeza ya zaidi ya asilimia 14. Asilimia 94 ya waliopiga kura waliyakataa.

Mazungumzo yakaanza upya. Machi 2023, marubani wa Delta walipitisha mkataba wao kwa asilimia 78 ya kura, wenye nyongeza ya jumla ya asilimia 34 ndani ya miaka minne. Hilo likawapa wenzao kipimo. Septemba mwaka huo marubani wa United walipitisha mkataba mpya kwa asilimia 82, wenye nyongeza ya hadi takriban asilimia 40 pamoja na marekebisho ya ratiba na masharti ya kazi.

Je, somo ni kwamba kukataa kunalipa daima? Hapana. Mashirika ya Marekani wakati huo yalikuwa na abiria tele na uhaba wa marubani, kwa hiyo mwajiri alikuwa na cha kutoa. Shirika lenye madeni haliwezi kubanwa kwa namna ile ile. Mkataba mnono katika shirika linalozama unaweza kuwa hundi isiyolipika. Ndiyo maana anayepiga kura anapaswa kuuliza maswali mawili kwa pamoja: tunastahili nini, na mwajiri ana uwezo gani wa kulitimiza analoliandika?

Somo la United ni jingine. Viongozi wa chama walileta makubaliano, na wanachama wakawaambia wazi kwamba hayatoshi. Chama kiliendelea kuwepo na viongozi wakarudi mezani wakijua wanachama wanataka nini. Uwakilishi mzuri ni ule ambao anayewakilishwa bado ana nafasi ya kusema hapana.

Ugonjwa ambao hausemwi

Kuna fungu jingine ambalo wengi hulipita haraka: la afya. Kazi ya rubani hutegemea cheti cha daktari. Rubani wa ndege za abiria hupimwa angalau kila mwaka, na mara nyingi zaidi umri unaposonga. Moyo, macho, masikio, sukari, akili, vyote huangaliwa. Akikosa cheti hicho, leseni yake haina kazi hata kama amesomea urubani kwa mamilioni ya shilingi ambayo familia bado inalipia mkopo wake.

Hofu hiyo huwafanya baadhi ya marubani wanyamaze wanapougua, hasa maradhi ya akili. Mwaka wa 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya dodoso lililojazwa bila majina na zaidi ya marubani 1,800 wa nchi mbalimbali. Majibu ya asilimia 12.6 yalionyesha dalili za sonona.

Dunia ilikuwa imeona hatari ya ukimya huo. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa shirika la Germanwings aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps nchini Ufaransa, na watu 150 wakafariki. Alikuwa mgonjwa na alikuwa amemficha mwajiri wake hali hiyo. Tangu Februari 2021, kanuni za Ulaya zinayataka mashirika ya ndege yawe na mpango wa marubani kusaidiana, ambapo mwenye shida huzungumza kwanza na mwenzake aliyefunzwa kusikiliza.

Mkataba unaweza kusaidia au kuharibu hapa. Ukiwa na siku za ugonjwa zenye malipo, bima ya kupoteza leseni na njia ya kurejea kazini baada ya matibabu, rubani ana sababu ya kusema ukweli. Usipokuwa navyo, ukweli humgharimu riziki. Basi atanyamaza, na mkewe au mumewe atabaki kuwa daktari wa pekee anayejua.

Akiba haiozi, lakini inaweza kukosa kuingia

Kwa viwango vya kimataifa, rubani wa ndege kubwa za abiria zenye marubani wawili hustaafu safari za kimataifa akifika miaka 65. Kwa sababu ya vipimo vya afya, wengine huacha mapema zaidi. Ndiyo maana mgogoro wa 2022 ulikuwa juu ya akiba.

Tuseme, kwa hesabu ya mfano tu, rubani analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi na mwajiri anatakiwa kumchangia asilimia 10. Hiyo ni shilingi 40,000. Michango ikisimama kwa miaka miwili, zimepotea shilingi 960,000, bila kuhesabu faida ambayo pesa hizo zingezalisha kwa miaka 20 iliyobaki. Hakuna mtu nyumbani aliyelala njaa kwa ajili hiyo, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele. Shimo litaonekana uzeeni, wakati hakuna tena nguvu ya kulifukia.

Hesabu nyingine inagawanya marubani wenyewe. Nyongeza ya asilimia 10 humpa kapteni wa shilingi 800,000 nyongeza ya 80,000, na rubani msaidizi wa 400,000 nyongeza ya 40,000. Kwa asilimia ni sawa, kwa shilingi si sawa. Kapteni anayekaribia kustaafu hutazama zaidi akiba. Kijana mwenye mtoto mchanga hutazama ratiba na siku za uzazi. Rubani mwanamke mjamzito hutaka kujua atafanya kazi gani ya ardhini na kwa malipo gani. Chama kinachosikiliza kundi moja tu kitaleta mkataba ambao nusu ya nyumba hazitaufurahia. Ndiyo maana kwenda mkutanoni ni muhimu kuliko kulalamika kwenye kundi la WhatsApp baada ya kura.

Maswali ya kuulizana kabla ya kura

Familia inayopima mkataba wa namna hii, wa rubani au wa kazi nyingine ya zamu, inaweza kuketi jioni moja na kujiuliza haya:

Kwanza, nyongeza ni ya miaka mingapi, na bei za vitu zikipanda itabaki kuwa nyongeza kweli?

Pili, ratiba inatolewa siku ngapi mapema, na mwajiri akiibadilisha ghafla kuna fidia gani?

Tatu, anayesema amechoka au anaumwa analindwa vipi?

Nne, akiba ya uzeeni inachangiwa kiasi gani, na ni mazingira yapi yanayomruhusu mwajiri kuisimamisha? Janga likija tena, mkataba unasema nini?

Tano, leseni ikipotea kwa sababu ya afya, familia italipwa nini na kwa muda gani?

Sita, tukiukataa mkataba huu, nini kitafuata? Mazungumzo, usuluhishi, au mgomo? Nyumba ina akiba ya kuhimili miezi mingapi?

Swali la mwisho si la kutiana hofu. Rubani anayejua nyumba yake inaweza kusubiri hupiga kura kwa utulivu. Yule mwenye mkopo wa nyumba, karo na gari vyote vikidai mwisho wa mwezi anaweza kukubali chochote, au kukataa kwa hasira. Kura zote mbili zinaweza kuwa za majuto.

Tena ni vyema kukumbuka kwamba anayepiga kura ni rubani. Mwenzi wake ana haki ya kuuliza na kueleza jinsi zamu zinavyowaathiri watoto, lakini si vizuri kumsukuma hadi ajute mbele ya wenzake. Wala rubani asijifiche nyuma ya maneno "mambo ya kazi" wakati mambo hayo yamekuwa yakilala kitanda kimoja na mkewe au mumewe.

Rudi sasa Syokimau. Chakula kimekwisha. Neema amerudi kutoka kwa jirani na kukaa kwenye mapaja ya babake, na hakuna anayemwambia anyamaze. Mama Neema amechukua kalamu ya mtoto na kuchora mstari chini ya fungu la mapumziko, na mwingine chini ya fungu la akiba.

"Haya mawili mkayaulize mkutanoni," anasema. "Hilo la pesa nina hakika litaulizwa na kila mtu."

Baba Neema anasoma mistari hiyo mara mbili. Kisha anaanza ukurasa wa pili, ambao asubuhi alikuwa hajaufikia.